Kiwiko cha Baba

Mtu akimenya chenza karibu nami, mkono wangu wa kulia huenda wenyewe kwenye kiwiko cha kushoto na kukishika. Siwezi kuuzuia. Ofisini nina mwenzangu ambaye kila mwezi wa nne huanza kuja na machenza kwenye begi, na wakati wa chai harufu ya maganda ikishatanda mezani ananiona nimejishika kiwiko, ananiuliza kama nimeumia. Humwambia hapana, ni baridi tu. Ananiamini, kwa sababu mtu wa Durban akipata nafasi ya kusema kuna baridi haiachi impite.

Shuleni tulifundishwa kwamba miezi hiyo ina majira yake. Mwalimu alitugawia picha ya mti wenye majani ya kuanguka, akatuambia tuyapake rangi nyekundu na ya manjano. Nilipaka, lakini mti wa namna hiyo sikuuona popote mtaani kwetu Albert Park. Miti ya chini ya jengo letu ilibaki kijani mwaka mzima, na kilichoanguka kutoka juu kilikuwa maji ya kufulia ya watu wa ghorofa za juu. Kamusi nazo zinayaita majira hayo vuli, neno ambalo kwa nusu ya wasomaji wangu ni mvua. Kwetu sisi ulikuwa msimu wa machenza, basi. Joto lilivunjika, nguo zikaanza kukauka upesi, Mama akateremsha sanduku la majezi kutoka juu ya kabati, na Baba akatangaza kwamba Jumapili tunaenda kutembea.

Matembezi yaliangukia msimu huo kwa sababu ya kazi. Baba alikuwa akipakua makontena kwenye ghala moja kule Clairwood, na kuanzia kabla ya Krismasi hadi Pasaka mizigo haikujua Jumapili. Pasaka ikipita kazi ilipoa, naye akarudishiwa Jumapili zake. Mama alisuka nywele kwenye saluni moja ya mjini ambayo siku hiyo ilifungwa. Kwa hiyo kulikuwa na kipindi kifupi, kutoka Pasaka hadi baridi yenyewe ya mwezi wa sita, ambapo tulikuwa familia yenye siku nzima ya kukaa pamoja. Miezi mingine tuliishi kwa zamu, mmoja akiingia mwingine anatoka, na chakula kimefunikwa kwa sahani.

Tuliishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia. Upande mmoja walilala wazazi, upande mwingine mimi na mdogo wangu Furaha, na katikati palikuwa na meza iliyotumika kwa kupikia, kwa kazi za shule na kwa sala ya jioni. Baba alikuwa mtu wa maneno. Ni wa Uvira, kule Kongo, na Mama, ambaye ni wa Bukavu, alipenda kusema kwamba watu wa Uvira Mungu aliwaumba mdomo kwanza, mengine akayaongeza baadaye. Kupanda ngazi kulimchukua Baba muda mrefu kuliko sisi sote, kwa sababu kila ghorofa alisimama kuongea na mtu: Mrundi aliyetengeneza simu, mama aliyeuza makaa, hata mtu aliyekuja kudai kodi. Alipofika mlangoni tulikuwa tumeshamsikia zamani. Alibishana na redio, alitusimulia ndoto zake wakati Mama anasonga ugali, na akikosa wa kumsikiliza aliongea na sufuria.

Jumamosi jioni Mama alirudi na mfuko wa wavu wa machenza kutoka sokoni Warwick. Wauzaji wa pale waliyaita nachi. Nyumbani tuliyaita mandarine. Dada mmoja Mtanzania aliyesuka pamoja na Mama ndiye aliyesema machenza. Kwa muda mrefu niliamini ni matunda matatu tofauti, na nililalamika kwamba nyumbani kwetu huletwa aina moja tu. Mama alinijibu kwamba nikikua nitajinunulia hayo mawili mengine.

Asubuhi yake tulikwenda misa ya kwanza, kisha tukabeba wali, maharage, samaki wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti, na chupa ya chai, tukaenda kupanda treni ya kusini. Na kwenye treni ndipo palipokuwa na mchezo.

Baba aliuita roi du silence, mfalme wa kimya. Alisema mwalimu wake wa shule ya msingi aliucheza na darasa zima kila alipochoka nao. Sheria zilikuwa chache. Tukivuka geti la stesheni ya Berea, hakuna kusema neno mpaka tuvuke geti la stesheni tunakoshuka, Baba aseme "fini", yaani imekwisha. Kurudi ni vivyo hivyo. Kuonyesha kwa kidole ruksa, kupiga makofi ruksa, kucheka kwa pua ruksa. Atakayenyamaza hadi mwisho ndiye mfalme, na mfalme hupewa chenza zima. Hilo halikuwa jambo dogo. Kwetu chenza liligawanywa, kila mtu akawekewa vipande vyake kiganjani, na aliyepata vidogo alinung'unika. Kula chenza zima peke yako, bila mtu kukutazama mkono, niliona ndio ufalme wenyewe.

Mama hakucheza. Alikuwa refa, na ndiye aliyekata tiketi na kuitikia salamu, kwa sababu Kizulu cha saluni kilimwezesha kuongea na mtu yeyote mpaka wakaulizana habari za wakwe. Furaha, ambaye hakuwa ameanza shule, alishindwa kabla treni haijaondoka. Mimi nilifika mbali kidogo, halafu nikaona dirishani mbwa amepanda juu ya gari bovu, na neno likanitoka. Aliyeshinda kila mara alikuwa Baba. Mtu ambaye nyumbani hakunyamaza hata mdomo ukiwa na povu la dawa ya meno, kwenye treni alikaa mikono magotini, macho dirishani, kama mzigo wa mtu mwingine. Tukipita Clairwood aliinua kidole kimoja kuelekea paa la ghala lake, nasi tukatikisa vichwa. Wahubiri wa ndani ya behewa walipoanzisha wimbo, alipiga makofi kuliko wote, ila midomo hakuifungua. Niliona ni kipaji. Niliwaambia watoto wa darasani kwamba baba yangu ni bingwa wa kunyamaza Durban nzima.

Tukishavuka geti alisema "fini", akalimenya chenza lake kwa ganda moja refu lisilokatika, akalining'iniza sikioni ili Furaha acheke, kisha akaligawa. Kila Jumapili alishinda, na kila Jumapili aligawa. Mimi sikutaka kugawiwa. Nilitaka kushinda.

Tulikokwenda ni Amanzimtoti, kwenye nyasi fulani karibu na mahali mto unapoingia baharini. Upepo ulikuwa umeshapoa lakini maji bado yalikuwa na joto la Desemba, jambo ambalo Baba alilieleza kila safari kana kwamba ni yeye aliyeyapasha. Mama alitandika kikwembe, akala, akalala chali usingizi wa watu wa saluni, vidole vikiendelea kusuka hewa juu ya tumbo. Baba naye alifungulia maneno yote aliyoyazuia njiani. Alitusimulia baiskeli aliyoipoteza akiwa kijana, na mama yake ambaye mimi nimebeba jina lake, na ndiyo sababu hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita mama. Mikono yetu ilinuka vitu vitatu, samaki, chuma cha treni na maganda ya machenza. Nilikuwa na furaha pale, na nilijua kuwa nina furaha, jambo ambalo watoto hawalijui mara nyingi.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, matembezi hayakuanza. Pasaka ilipita, machenza yakaja, Jumapili zikapita tukiwa ndani. Mama alirudi kutoka saluni jua likiwa bado juu. Baba alipanda ngazi bila kusimama kwa mtu, na kwa mara ya kwanza tukawa tunashtuka akifungua mlango. Watu wazima walikuja kwetu wakaongea Kifaransa, lugha waliyodhani hatuielewi, na kweli hatukuielewa. Niliuliza kwa nini hatuendi kutembea. Mama akajibu kwamba Baba hajisikii vizuri.

Nikaanza kumchunguza nijue kinachomuuma, na haikunichukua muda. Kilikuwa kiwiko. Kila jioni baada ya kula Baba alikaa mezani, akakunja mkono wa kushoto, akakishika kiwiko kwa mkono wa kulia na kusema polepole, "Indololwane." Mama, akiosha vyombo, alimsahihisha: hapa anavuta mno, pale anakata. Baba akarudia. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye maumivu. Neno lenyewe nililijua, kwa sababu shuleni tuliimba viungo vyote vya mwili kwa Kizulu huku tukivigusa, na indololwane ni kiwiko. Basi sikuhitaji kuambiwa zaidi. Mtu hawezi kukishika kiwiko kila siku na kukitaja kwa uso ule kama hakimuumi. Kwa nini akitaje kwa Kizulu, hilo sikulihangaikia. Nilidhani ndivyo alivyoelekezwa hospitali.

Nikakiingiza kwenye sala. Jioni moja zamu yangu ya kuomba ilipofika, baada ya kuwaombea bibi na babu walioko Kongo, nikamwomba Mungu amponye Baba kiwiko. Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Baba alinitazama kidogo, kisha akasema amina. Kuanzia hapo nilikiombea kila jioni kwa bidii, Furaha akaitikia kwa sauti ya kanisani, na Baba alisema amina bila kukosa hata mara moja. Leo najua alikuwa akiitikia kwa moyo wote.

Kama uliishi Durban miaka ile, umeshaelewa. Kwa ambaye hakuwepo: kulikuwa na vijana waliokuwa wakimsimamisha mtu njiani au kwenye behewa, mmoja anagusa kiwiko chake mwenyewe na kumuuliza hii inaitwaje. Mwenyeji hutaja bila kufikiri. Mgeni, hata aliyekwisha kujifunza kusalimia na kununua mkate, neno la kiwiko hakuwahi kulihitaji popote, na hapo ndipo alipojulikana. Kilichofuata kilitegemea vijana wenyewe na hali yao siku hiyo. Wengine walitukanwa tu. Wengine hawakufika nyumbani. Ndiyo maana Baba alikuwa akihangaika na neno moja kila jioni, na ndiyo maana kwenye treni tulikuwa na mchezo, tangu mwanzo, hata miaka iliyokuwa shwari.

Jumapili kadhaa zilipita hivyo, mwisho Baba akachoka. Alimwambia Mama kwamba watoto wanapauka kwa kukaa ndani, na kwamba hakuvuka mipaka yote ile ili aje afungiwe na pazia. Mama alisema tusubiri kidogo, watu watulie. Walibishana asubuhi nzima kwa sauti za chini huku sisi tukijifanya tunacheza. Kisha nikasikia mafuta yanachemka kwenye kikaango, Mama akatumbukiza samaki wa kwanza, nikajua tunaenda.

Kwenda nilinyamaza hadi geti la pili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Mbwa alikuwepo juu ya gari lake, nikamwangalia, nikapita. Baba naye alinyamaza kama kawaida yake, kwa hiyo tulipovuka geti akaamua kwamba tumetoka sare, na safari ya kurudi ndiyo itakayotoa mfalme. Alinionyesha chenza lenyewe, kubwa kuliko yote kwenye wavu, akalitia mfukoni mwa koti. Sikumbuki mengi ya mchana ule kwenye nyasi. Nilikuwa nikijizoeza kufunga mdomo.

Kurudi, behewa lilikuwa na watu wengi waliotoka kwenye mikutano ya makanisa. Mama alipishwa kiti upande wa mbali kwa sababu ya Furaha, ambaye alikuwa ameshalala begani kwake. Mimi na Baba tulisimama karibu na mlango. Kwenye stesheni moja ya katikati wakaingia vijana, si wengi, wamevaa vizuri, wanacheka. Walianza kupita kati ya watu. Mmoja wao alimgusa mwanamume aliyesimama mbele yetu na kumuuliza kitu huku akigonga kiwiko chake, yule mwanamume akamjibu kwa Kizulu cha haraka, maneno mengi na mengine ya kumtukania mama yake, wote wakacheka. Halafu yule kijana akatufikia sisi.

Alimsalimia Baba kwa heshima. Baba akainamisha kichwa. Kijana akakunja mkono, akaweka kidole kwenye kiwiko, akasema, "Yini le, baba?" Hii ni nini, mzee.

Baba alifungua mdomo. Neno alilolirudia jioni zote zile halikuja. Akafunga mdomo, akaufungua tena. Niliona jasho juu ya midomo yake, ingawa upepo wa mlangoni ulikuwa wa baridi. Watu waliokuwa karibu walianza kutazama kwingine. Upande ule mwingine Mama alikuwa ameshasimama na Furaha begani, lakini kati yake na sisi kulikuwa na watu na mizigo yao.

Mimi nilielewa hivi. Kijana huyu amesikia kwamba Baba anaumwa kiwiko, amekuja kumjulia hali. Baba hawezi kumjibu kwa sababu ya mchezo. Ni mkaidi kiasi hicho, yuko tayari kuonekana hana adabu kuliko kushindwa na mimi. Na mimi nikisema neno moja tu, chenza limekwenda. Nililifikiria chenza lile kwa dhati. Mfuko wa koti ulikuwa sawasawa na macho yangu, nililiona lilivyotuna. Kisha nikainua macho nikauona uso wa Baba, na nikamhurumia.

"Indololwane kababa ibuhlungu," nikasema. Kiwiko cha baba kinauma.

Nikaendelea, kwa Kizulu changu cha darasani, kwamba kinamuuma tangu Pasaka, kwamba kila jioni anakishika na kukitaja, na kwamba mimi namwombea lakini bado. Nilisema kwa sauti ya juu, kwa sababu treni ilikuwa na kelele na kwa sababu nilikuwa nimenyamaza siku nzima.

Kijana alibaki na kidole kwenye kiwiko chake. Alinitazama, akamtazama Baba, akanitazama tena. Mtu mmoja kwenye benchi akaanza kucheka. Bibi aliyekaa pembeni yake, mwenye blauzi nyekundu ya kanisa na kola nyeupe, akamwambia kijana kwamba ampishe mgonjwa, na kwamba anayetaka kuuliza watu habari za viungo vyao akaombe kazi kliniki. Sasa upande wetu wote wa behewa ukacheka. Vijana nao wakacheka, maana hawakuwa na lingine la kufanya, wakasogea mbele, na treni iliposimama wakashuka.

Bibi yule alimpisha Baba kwenye benchi, akamwonyesha kwa mkono kwamba avue koti na akunje mkono wa shati. Alitoa mkobani kikopo cha mafuta ya kafuri, akaanza kumchua. Alimchua kiwiko cha kulia. Baba, kila jioni, alikuwa akishika cha kushoto, nami nikataka kumsahihisha bibi, ila Mama alikuwa amekwisha kupenya hadi tulipo na mkono wake ulinikandamiza bega kwa namna ambayo niliielewa. Basi alichuliwa kiwiko kizima ambacho hakikuwa hata kile kibovu, kuanzia pale hadi Berea, kimya, macho yamefumbwa. Bibi hakumuuliza neno. Alichua taratibu kama anayejua kwamba safari bado ndefu na mafuta yapo ya kutosha. Tuliposhuka alinishika kidevu, akaniambia nimtunze baba yangu.

Tulivuka geti. Baba alisimama pembeni.

"Fini," akasema.

Akatoa chenza mfukoni. Nilijua sheria, lakini nilijua pia kwamba nimemsaidia, na kwamba Baba ni mtu wa haki. Aliligeuza chenza mkononi. Kisha akamgeukia Furaha, aliyekuwa ndiyo kwanza anaamka, akamwekea kiganjani.

"Mufalme ni Furaha," akasema. "Mimi nilifungua mudomo, wewe ulisema. Ni yeye tu hakufungua."

Nililia kutoka stesheni hadi nyumbani, nikitembea nyuma yao ili waone kwamba siko nao. Furaha alikula chenza lote, taratibu, bila kujua amelipata kwa lipi. Nilimchukia yeye kidogo na Baba sana. Tulipofika juu, Mama aliingia nyuma ya pazia, nikamsikia anacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, na mimi nikajua ananicheka mimi. Baba alikaa mezani akinuka kafuri. Hakushika kiwiko, wala hakulitaja lile neno. Jioni ile nilipoambiwa niombe, niliwaombea wote walioko Kongo kwa majina yao na kiwiko cha Baba nikakiruka makusudi. Baba alisema amina vilevile.

Hakulirudia tena neno lile, si siku ile wala baadaye. Nilihitimisha kwamba dawa ya bibi imefanya kazi, hata ikiwa imepakwa upande usiokuwa wake.

Matembezi yaliendelea baada ya muda, na mchezo pia, mpaka tukawa wakubwa wa kutouhitaji. Hakuna aliyetangaza umekwisha. Siku moja tu tulivuka geti bila mtu kusema "fini", tukagundua kwamba tumenyamaza njia nzima kwa mazoea. Nilikuwa sekondari nilipokuja kusikia habari ya kiwiko, mchana mmoja darasani, mwalimu akieleza mambo ya miaka ile kama anavyoeleza mambo mengine yote. Wenzangu waliandika. Mimi nilijishika mkono. Niliporudi nyumbani Baba alikuwa akigombana na redio, nikampita, nikaenda kukaa upande wangu wa pazia. Sikumuuliza.

Nimelifikiria chenza lile mara nyingi kuliko linavyostahili. Kama angenipa mimi, ningeuliza kwa nini nimeshinda ilhali nilisema. Angelazimika kunieleza kwamba haukuwa mchezo. Na mtoto aliyeelezwa hivyo Jumapili jioni atapandaje treni Jumapili inayofuata? Baba aliamua ni afadhali nimchukie kwa sababu ya tunda kuliko niliogope behewa. Haki aliijua, akaiweka mfukoni. Nilipolielewa hilo nilimpenda kwa namna ambayo sikujua nimwambieje, na sikumwambia.

Sasa wazazi wangu wanaishi Cato Manor, kwenye nyumba ndogo yenye kizingiti kinachopata jua la asubuhi. Mama ana wasichana wawili wanaomsaidia kusuka. Furaha yuko mbali kwa masomo, na kila akipiga simu hudai kwamba yeye ndiye mfalme pekee aliyewahi kumwondoa Baba kitini, na hajavuliwa taji hadi leo. Baba amezeeka vizuri. Maneno yamepungua kidogo, au labda waliokuwa wakiyasikiliza ndio wamepungua.

Msimu huu wa machenza nilikwenda kuwaona. Nilimkuta kizingitini na mfuko wa wavu kati ya miguu, anamenya, ganda likishuka refu kama zamani. Nikakaa kando yake. Harufu ilinifikia, na mkono wangu ukaenda kwenye kiwiko kabla sijauzuia. Baba akauona. Hapo sikuona tena sababu ya kunyamaza.

"Papa," nikamuuliza habari za kiwiko, "coude yako iko namna gani?"

Vidole vyake vilisimama. Kisha vikaendelea, na ganda halikukatika.

"Ilipona ile siku, mama," akasema bila kuinua macho. "Ilipona palepale mu train."

Alimaliza kumenya, akanifungua kiganja, akaniwekea chenza. Kutoka jikoni Mama alisikia harufu, akaomba apelekewe kipande chake. Baba akamwambia kwamba hilo haligawiwi.